Watoto wa Goma na moto wa Nyiragongo: 2002 na 2021

Watu wakiandika historia ya Nyiragongo wanahesabu wafu, manyumba zilizoungua na sehemu ya uwanja wa ndege iliyofunikwa. Mimi nataka niongeze kalasi.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka nane, kalasi ya tatu ya primeri. Mlima ulipasuka upande wa kusini, lava ikapita katikati ya mji mpaka ndani ya Ziwa Kivu. Tulivuka mpaka na miguu kuelekea Gisenyi, pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Mama alibeba matela kichwani, mimi bido ya maji, mdogo wangu akashika kitenge ya mama. Siku chache tu tukarudi, maana kule hatukuwa na mahali pa kukaa. Lava ilikuwa bado moto. Pale penye shule yetu palibaki mawe nyeusi na bati moja imesimama wima.

Shule ingine ikatuazima kalasi: wenyewe asubuhi, sisi mchana. Mwalimu aliandika tarehe ubaoni, akaendelea na hesabu za kugawanya pale alipoachia. Simlaumu, naye alipoteza nyumba. Lakini hakuna mtu aliyetuuliza kitu. Mdogo wangu alilala na viatu miguuni karibu mwaka mzima. Lori kubwa ikipita, anakimbilia mlango. Mwisho wa mwaka akarudilia kalasi. Watu walisema ni uvivu.

Halafu Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ikawa nyekundu tena. Lava ilisimama kule Buhene, karibu na uwanja wa ndege, tukadhani tumepona. Usiku ule pekee, UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na wazazi wao. Na kwa watoto njo mambo ilikuwa inaanza: ardhi ikatetemeka mchana na usiku, tukalala nje. Tarehe 27 asubuhi gavana akaamuru kartie kumi zihame, kwa sababu magma ilikuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Njia ya Sake ikajaa, hata chukudu hazikupita.

Mtoto wa dada yangu aliniuliza njiani: «Mjomba, mwalimu ataandika kama nilikosa masomo?» Mlima uko nyuma yetu, yeye anawaza daftari ya mwalimu! Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mwalimu wa siku hizi ni mimi.

Kalasi zilipofunguliwa sikuandika hesabu ubaoni. Nilimwambia kila mtoto aseme alilala wapi. Wengine walisema Sake, Minova, Gisenyi, kanisani, kando ya barabara. Wawili walilia, wenzao wakawangojea. Kijana mmoja wa nyuma kabisa alikataa kuongea siku mbili. Siku ya tatu akasema yeye analala na viatu mpaka leo. Nikamwelezea mdogo wangu. Hesabu tulianza kesho yake.