Nakala za akiba zisizofunguka

Katika ofisi nyingi za makanisa hapa Kisangani, kompyuta hupangiwa kujinakili yenyewe saa nane za usiku. Saa hiyo jenereta imezimwa, na umeme unaotoka maporomoko ya mto Tshopo pengine umekatika tangu jioni. Kompyuta iliyozimwa hainakili kitu, wala haimwambii mtu. Tulilijua hilo siku orodha ya ubatizo ilipotuharibikia: nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi minne nyuma. Majina yaliyopungua tuliyatafuta nyumba kwa nyumba.

Ndugu makarani, anzeni na saa. Pangeni kunakili kufanyike saa nne asubuhi, mkiwa kazini. Windows hukubali pia kuagizwa kwamba kazi iliyokosa saa yake ifanyike mara mashine inapowashwa. Kisha tazameni diski ya nje. Herufi yake ikigeuka kutoka E kuwa F, programu hubaki ikitafuta E isiyokuwepo. Ipeni herufi ya kudumu. Na fleshi ya FAT32 haipokei faili moja la GB 4, hata ikiwa na nafasi tele. Video za kwaya ndizo hukwama hapo.

Mnaporudisha, msiandike juu ya faili lililopo. Rudisheni kwenye folda mpya, mfungue, mlinganishe na kitabu cha karatasi (ndiyo, kitabu kile kikuukuu hakijastaafu). Sisi hujaribu faili moja kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Diski ichomolewe kila baada ya kunakili, maana radi na virusi hufikia kilichochomekwa.