"Forest", neno ambalo halikuanza na miti

Wandugu wasomi, kwa Kifaransa tunasema "forêt", kwa Kingereza "forest". Ni neno moja, Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Uliza mwenzako wa agronomie maana yake ya kwanza, atakujibu mbio: miti mingi. Hapana. Mwanzoni ilikuwa sheria.

Mzizi, jinsi wataalamu wengi wanavyokubali, ni Kilatini foris, maana yake "inje". Tangu karne ya 7, katika hati za wafalme wa Wafranka, forestis ilikuwa eneo la mfalme, lililowekwa inje ya matumizi ya watu wote. Neno "foreign", yaani kigeni, linatoka kwa mzizi ule ule.

Miti yenyewe Waingereza walikuwa wanaiita "wood" zamani. "Forest" ilikuja nyuma ya Wanormani kuwashinda mwaka 1066. Mfalme William, mpenzi wa kuwinda, karibu mwaka 1079 alitenga eneo fulani kusini, mpaka leo linaitwa New Forest, pori jipya. Jipya namna gani? Hakupanda hata mti mmoja! Miti ilikuwapo, na kulikuwa pia vijiji, mashamba na nyika tupu. Kilichokuwa kipya ni amri: paa na nguruwe wa pori ni wa mfalme, na majani yanayowalisha vilevile. Baadaye hata mbwa wa mwanakijiji alikatwa makucha matatu ya mguu wa mbele, asiweze kufukuza nyama.

Njo maana kitenzi "afforest" kinanishangaza. Kwetu leo ni kupanda miti pasipo miti. Wakati ule ilikuwa kuweka udongo wa watu chini ya sheria ya mfalme. Kinyume chake, "disafforest", haikuwa kukata miti, ilikuwa kuitoa ile sheria. Watu waliipigania. Mwaka 1217, kwa jina la Henry III, mtoto wa miaka 10, ilitolewa Hati ya Misitu: maeneo mengi yaliyoongezwa na wafalme yatolewe, na mtu asipoteze tena uhai ao kiungo cha mwili kwa sababu ya nyama. Mtu huru (watumwa wa mashamba hawakuhesabiwa) alipata haki ya kulisha nguruwe katika pori lake, na asali atakayoikuta humo ni yake. Asali! Hata ile ilibidi iandikwe. Hati yenyewe imefutwa mwaka 1971 tu.

Kwetu "forêt" ilikuja na Wabeleji, na haikuja peke yake. Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Leopold II ulitangaza kwamba ardhi "isiyo na mtu" ni ya Leta. Pori ambamo wazee waliwinda, walichuma uyoga na kuacha mashamba yapumzike, likahesabika tupu. Kodi ya misitu ya 2002, kifungu cha 7, ingali inasema misitu ni mali ya Leta.

Lakini kuna dekrete ya tarehe 2 Agosti 2014. Jamii ya kijiji inaweza kuomba konsesyo yake katika pori la mababu, mpaka hektari 50 000, bila mwisho wa muda. Ninyi mnaoenda staji vijijini, muisome mbele ya kushika GPS. Wazee hawatawauliza majina ya miti kwa Kilatini. Watauliza kama kesho wataruhusiwa kuingia.