Kutoka Bahasha hadi Seva: Historia ya Ufundishaji wa Mbali katika Vyuo vya Mbeya na Iringa tangu 1974

Makala haya yanachunguza namna mifumo ya kielektroniki ya usimamizi wa ujifunzaji ilivyoingia katika vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, hususani Mbeya na Iringa. Ni kawaida kuianza habari hii mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, au mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Hoja ya makala haya ni kwamba mianzo yote miwili imechelewa mno. Mkufunzi anayepakia mada kwenye Moodle leo anarithi kazi iliyokuwa na taratibu zake miongo minne kabla yake. Asipoiona nasaba hiyo, atadhani kwamba tatizo lake ni kasi ya intaneti peke yake.

Chimbuko la kazi hiyo ni uhaba wa walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, ambayo utekelezaji wake ulifikia kilele mwaka 1977. Vyuo vya ualimu vya bweni havikuweza kutoa idadi ya walimu iliyohitajika. Kuanzia mwaka 1976, Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka vijijini, wakafundisha huku wakisoma. Masomo yaliandikwa na kusambazwa kwa posta, vipindi vilirushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, wakufunzi waliwafuata kwenye shule zao, na mwishoni walikaa chuoni kwa kipindi kifupi. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo nchini kote.

Msomaji wa nyaraka za wakati huo aangalie mipaka. “Mkoa wa Iringa” wa miaka ya 1970 ulihusisha Njombe, Makete na Ludewa, ambazo ziliingia katika Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Nao “Mkoa wa Mbeya” ulikuwa na Mbozi na Ileje, ambazo tangu 2016 zimo katika Mkoa wa Songwe. Tahadhari hii si ya kijiografia tu. Barabara ya lami kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na reli ya TAZARA, iliyopita Makambako na Mbeya, viliirahisishia posta safari kwenye njia kuu, lakini mwalimu-mwanafunzi wa milima ya Kipengere au bonde la Songwe alikuwa bado mbali na bahasha yake. Tofauti hiyo ya mkazi wa barabarani na mkazi wa ndani ndiyo inayojirudia leo tunapozungumzia mtandao wa simu.

Kilichoubeba mpango ule, kwa maoni ya mwandishi, hakikuwa redio wala karatasi, bali mtu aliyekuwa kati yake na mwanafunzi. Kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973 ilikuwa imekwishaonesha jambo hilo: redio ilisikilizwa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu mkononi. Mpango wa walimu ulifuata mantiki hiyohiyo. Zoezi lilitumwa, likasahihishwa, likarudi na maneno ya msahihishaji pembeni. Wenye shaka hawakukosekana, na ndiyo maana Mählck na Temu waliandika mwaka 1989 kitabu kizima cha kuwalinganisha walimu waliosoma kwa masafa na wale waliotoka vyuoni.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kiliuchukua mfumo huo na kuupandisha hadi ngazi ya shahada. Vituo vyake vya mikoa, vikiwamo vya Iringa na Mbeya, vilikuwa mahali pa kuchukua vitabu vya moduli, kukutana na wahadhiri ana kwa ana na kufanyia mitihani. Chuo hicho kilipoongeza mfumo wa kielektroniki baadaye, vituo havikufungwa. Katika mijadala ya leo jambo hilo hutajwa kama udhaifu wa mpito. Katika historia linasomeka kama mwendelezo.

Njia ya pili ilipitia vyuo vya kawaida. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianzishwa Iringa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika majengo yaliyokuwa ya shule ya sekondari na baadaye chuo cha ualimu. Chuo mama kilikuwa kimejaribu mifumo ya kibiashara kabla ya kuhamia Moodle, ambayo haina ada ya leseni. Moodle yenyewe ina ukoo unaofanana na wetu. Mwasisi wake, Martin Dougiamas, aliyetoa toleo la kwanza mwaka 2002, alikulia katika jangwa la Australia na alipata masomo yake ya utotoni kwa njia ya redio ya masafa. Programu inayodhaniwa kuwa ya mijini ilibuniwa na mtoto wa shule ya redio.

Katika ukoo huu kulikuwa pia na hasara ya lugha. Masomo ya posta ya walimu wa msingi yalisomwa kwa Kiswahili. Mfumo wa kielektroniki umeingia kupitia vyuo vikuu, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na vitufe vyake vimekuja na lugha hiyo.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 hadi tarehe 1 Juni, ilidhihirika kwamba kuwa na mfumo na kufundisha kwa mfumo ni mambo mawili. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya redio na televisheni kwa wanafunzi wa shule. Taifa likarudi kwenye chombo cha 1976. Taasisi hiyohiyo baadaye ilijenga mfumo wa mtandaoni wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na hapo walimu hawakuachwa kila mmoja na simu yake: wanakutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni. Kikundi cha “Mtu ni Afya” kimerudi bila kutajwa jina.

Kwa vyuo vya Mbeya na Iringa, basi, swali la kumuuliza mkuu wa chuo si idadi ya kozi zilizopakiwa. Ni nani anayesahihisha, kwa siku ngapi, na mwanafunzi wa Ileje anapokwama anakutana na nani. Kozi iliyojaa mafaili ya mihadhara bila zoezi lililorudishwa ni kabati la karatasi, hata kama kabati hilo liko kwenye seva.

Liko pia suala la ushahidi. Vijitabu vya posta vya miaka ya 1970 vinasomeka hadi leo, vumbi na yote. Moodle ina amri ya kuisafisha kozi kabla ya muhula mpya, nayo huondoa mazoezi, alama na majibizano ya wanachuo waliotangulia. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 inazihusu ofisi za umma, na chuo cha umma ni mojawapo. Amri ya kusafisha kozi hutolewa na mkufunzi mmoja, kwa kubofya mara mbili tatu, na mtunza kumbukumbu wa chuo hahitajiki kuwapo.