Baada ya "Habari za Kazi?"

Kwa miaka 14 nilifanya kazi na fundi mitambo mmoja, tukitenganishwa na kioo cha studio tu. Kila asubuhi nilimwamkia, akaitikia. Habari za kazi? Nzuri. Mshahara umetoka? Bado. Alipostaafu, nikaombwa niseme machache katika hafla ya kumuaga. Nikasimama, nikasema kwamba alikuwa akiwahi kazini. Nikatafuta la pili, sikulipata. Watu wakapiga makofi, nami nikaketi na aibu yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafikiria watu watatu waliokutana London mwezi Januari, 1684. Mazungumzo ya kazi walikuwa nayo tele. Mji wao uliteketea kwa moto mwaka 1666, na wawili kati yao, Christopher Wren na Robert Hooke, walikuwa miongoni mwa wasimamizi wa kuujenga upya. Kanisa kuu la Mtakatifu Paulo lilikuwa bado mikononi mwa Wren. Wangeweza kuzungumzia mawe na chokaa hadi usiku wa manane.

Lakini wa tatu wao, Edmond Halley, kijana wa miaka 27, alikuja na swali lililomkosesha raha: je, mwendo wa sayari kulizunguka jua unaweza kuthibitishwa kwa hesabu, kutokana na nguvu inayozivuta? Hooke akadai jibu analo, ila atalificha kwanza ili wengine wajaribu, washindwe, ndipo wajue thamani yake. (Watu wa namna hiyo hata ofisini kwetu wapo.) Wren hakuridhika. Akaahidi kitabu cha thamani ya shilingi 40 kwa atakayeleta uthibitisho katika miezi miwili. Miezi ikapita, hakuna aliyeleta.

Halley alikuwa ameuliza asilolijua, na alitaka kulijua. Sisi tunapouliza habari za kazi, jibu tumekwisha kulibeba mfukoni.

Mwezi Agosti akafunga safari hadi Cambridge kumwuliza Isaac Newton. Newton akamjibu papo hapo: njia ya sayari ni duaradufu. Umejuaje? Nimepiga hesabu. Karatasi iko wapi? Haionekani! Ikabidi Newton aandike upya, na katika kuandika huko kikazaliwa kitabu kiitwacho Principia, kilichotoka mwaka 1687. Gharama za uchapaji alilipa Halley, kwani chama chao cha wanasayansi, Royal Society, kilikuwa kimemaliza fedha kwa kuchapa kitabu cha samaki ambacho hakikupata wanunuzi. Hata ujira wa Halley ulilipwa kwa nakala za kitabu hicho cha samaki. Hayo nayo yangetosha kwa malalamiko ya kazi ya mwaka mzima.

Katika Principia imo pia sababu ya bahari kujaa na kupwa: mvuto wa mwezi na wa jua. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule fundi mitambo, ambaye kila likizo alikwenda kwao Mafia.

Jumamosi iliyopita nikamtembelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za kazi?"

Nikaona tunarudi kule kule. Nikamwuliza, "Mzee, kule kwenu bamvua mlilijuaje kabla halijafika?"

Akanitazama kwa muda, kisha akaagiza niletewe chai. Akaanza na marehemu baba yake, mvuvi asiyejua kusoma, aliyehesabu siku za mwezi kwa vidole: mwezi ukiandama, bamvua; ukiwa mpevu, bamvua; katikati yake, maji mafu. Akaja kwenye siku moja, yeye akiwa na miaka 9, alipokwenda mwambani kutafuta pweza peke yake, akakosea hesabu, maji yakajaa yakamzunguka pande zote.

Basi la mwisho likanipita. Nikamwuliza nani alimwokoa.

"Kaa vizuri," akasema. "Hilo ni refu."