Kwa nini "tufe pauka" na si "tufe jeupe"

Katika baridi ya Njombe au Limuru, anayelala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, anaweza kufikishwa hospitali hajitambui. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Akipigwa picha ya ubongo, msomaji wa picha huangalia mapema vijisehemu viwili vilivyo ndani kabisa, kimoja kila upande, ambavyo Kilatini cha tiba huviita globus pallidus. Kwa Kiswahili napendekeza tufe pauka.

Kishawishi ni kusema "tufe jeupe". Jina la Kilatini lilitokana na jicho na kisu: ubongo ukikatwa, sehemu hii huonekana imefifia kuliko putameni iliyo ubavuni mwake, kwa sababu imepitiwa na nyuzi nyingi za neva zenye ala ya mafuta. (Hilo "tufe" nalo ni ukarimu, umbo lenyewe limekaribia kabari.) Lakini neno "nyeupe" tayari lina kazi nyingine, maana ndilo tunaloitia ile sehemu nyeupe ya ubongo, na sumu hii hudhuru zote mbili kwa nyakati tofauti. Tufe huumia mapema. Sehemu nyeupe huweza kuharibika baadaye: mgonjwa huzinduka, huongea, huruhusiwa kwenda nyumbani, kisha baada ya siku au wiki kadhaa huanza kusahau, kuburuta miguu na kushindwa kuzuia mkojo, huku MRI ikionyesha mabadiliko kandokando ya ventrikali. Ripoti inayoita vyote "weupe" huchanganya madhara ya usiku ule na ya wiki kadhaa baadaye. Mashine nazo huzidisha utata, kwani tufe lililoharibika huwa jeusi kwenye CT, ilhali kwenye picha ya MRI ya aina ya T2 mahali palepale hung'aa. Rangi ya picha basi itajwe kwa maneno yake, "mng'ao" kwa MRI na "msongamano" kwa CT, jina la kiungo libaki palepale.

Atapinga mtu kwamba kupauka ni kasoro: hupauka ngozi isiyopakwa mafuta, hupauka kanga iliyofuliwa mno, hivyo msomaji atadhani ni sumu iliyolipausha tufe. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo sababu sisemi "tufe lililopauka", ambalo husimulia tukio. Shina tupu la kitenzi hutaja sifa tu. Sarufi itanuna kidogo, itazoea. Mwingine atasema madaktari wana Kilatini chao na kinawatosha. Kinawatosha wao kwa wao, ila ndugu wa mgonjwa wanaoambiwa kwamba matufe pauka yote mawili yameathirika wanapata walau kitu cha kuulizia.

"Tufe la mkaa" lingekaa mdomoni vizuri zaidi, lakini lingedanganya. Sianidi, heroini, hata kukosa oksijeni kwa sababu nyingine, huweza kuacha alama hizohizo pande zote mbili. Mkaa hutajwa na waliomkuta mgonjwa chumbani, na kwa kipimo cha damu iliyotolewa mapema, kabla oksijeni haijaiondoa gesi mwilini.