Jinsi majani yanavyopimwa ili kutofautisha aina za mialoni

Mwaloni ni mti ambao wasomaji wengi wa Kiswahili waliusikia kwanza katika Biblia. Barani Ulaya, aina zake mbili, Quercus robur na Quercus petraea, hufanana mno na mara nyingi humea katika msitu mmoja. Aidha, huchavushana na kuzaa chotara.

Kuzibainisha si suala la majina tu. Robur hustahimili udongo mzito wenye maji mengi, ilhali petraea huvumilia ukame zaidi. Anayekusanya mbegu zisizofaa huenda akapanda msitu utakaodhoofika miongo kadhaa baadaye, wakati hasara haiwezi kurekebishwa.

Ishara ya jadi ni tunda: la robur huning'inia kwenye kikonyo kirefu, la petraea hushikamana na kitawi. Lakini mialoni haizai kwa wingi kila mwaka, ndiposa wataalamu wakageukia jani.

Jani la robur lina kikonyo kifupi, kwa kawaida kisichofika sentimita 1, na vijisikio viwili kwenye kitako chake. Baadhi ya mishipa yake huelekea kwenye mapengo yaliyo baina ya vidole vya ukingo. Jani la petraea lina kikonyo kirefu zaidi, halina vijisikio bayana, na mishipa ya namna hiyo ni michache au haipo kabisa.

Hata hivyo, jani moja halitoshi. Majani ya kivulini hutofautiana na yale yaliyopigwa na jua katika mti uo huo. Kwa hivyo majani kadhaa huchumwa sehemu ya juu ya mti, yakapimwa, kisha wastani ukatafutwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 ulichunguza sifa 14 za majani katika misitu 9 ya nchi 8 za Ulaya. Miti ilijigawa katika makundi mawili, na sifa mbili zikatia fora katika kuitenganisha: urefu wa kikonyo na idadi ya mishipa inayoelekea kwenye mapengo.

Kompyuta nayo huweza kulinganisha alama zilizowekwa kwenye picha za majani, baada ya kuondoa athari za ukubwa na mwelekeo ili lisalie umbo pekee.

Mti unaoangukia kati ya makundi hayo haufai kuitwa chotara papo hapo. Chotara huweza kufanana kabisa na mzazi mmoja, nao mti halisi ukawa na majani yasiyo ya kawaida. Hapo rula hukoma, na uchunguzi wa DNA ukaanza.