Dar es Salaam Iliyogawanywa kwa Aina ya Nyumba

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu, wengi waliuliza: nani anaamua nini kijengwe wapi? Dar es Salaam imekuwa na sheria ya jambo hilo tangu 1891, Wajerumani walipoufanya mji huu makao makuu ya koloni lao.

Kitabu cha historia ya Dar kilichohaririwa na James Brennan, Andrew Burton na Yusuf Lawi (2007) kinaeleza jinsi mji ulivyokatwa maeneo matatu. Pembeni mwa bahari ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Eneo la kati likawa la biashara na makazi, na nyumba za miti na udongo zikasukumwa magharibi. Waingereza waliowafuata Wajerumani waliendeleza mgawanyo huo. Kanuni zilitaja aina ya jengo, si rangi ya mtu, lakini asiye na fedha za kujenga kwa mawe alijua mahali pake. Wananchi waliyaita maeneo hayo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Mkasa mkubwa ni wa uwanja wa Mnazi Mmoja. Wakoloni walitaka ukanda mtupu utenge Uhindini na Kariakoo ya Uswahilini, na sababu iliyotangulizwa ni afya. Waliokuwa na nyumba katika ukanda huo walivunjiwa, wakahamishwa. Uwanja uliosafishwa ili watu wasikaribiane ukaja kuwakusanya: miaka ya 1950 chama cha TANU kilifanya mikutano yake hapo, umati ukimsikiliza Mwalimu Nyerere akidai uhuru.

Kwa upande wa sheria, ilikuja mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979, kisha Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Katika miaka hiyo yote makazi yasiyopimwa yalienea, na nyumba za Kiswahili za Kariakoo zikapisha maghorofa.

Inauma kwamba sheria iliyotumika kubagua ilisimamiwa kwa ukali, ilhali ya kulinda uhai wetu inalegezwa. Mkoloni hakuruhusu kibanda cha udongo kisimame Uzunguni. Sisi tunashindwaje kuzuia ghorofa lisilo na kibali? Halmashauri zibandike mchoro wa mipango miji katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, ukionyesha matumizi ya kila kiwanja na idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa. Mpangaji na mchuuzi wakiweza kuusoma, mkaguzi wa majengo atakosa pa kujificha.